Mkono Mmoja Usishike Vyote

Mwezi Septemba 2007 walimu wa Nova, nchini Japani, walianza kusubiri mshahara uliochelewa. Nova haikuwa shule ya uchochoroni. Ilianzia Osaka mwaka 1981, ikakua hadi kuwa kampuni kubwa kuliko zote za kufundisha lugha za kigeni nchini humo, yenye mamia ya matawi, mengi yakiwa hatua chache kutoka vituo vya treni, na walimu wa kigeni wapatao 4,000. Wanafunzi walilipia masomo mengi kwa mkupuo, na kampuni iliishi kwa fedha hizo za mbele. Mwezi Aprili 2007 Mahakama ya Juu ya Japani ikaamua kwamba Nova ilikuwa ikiwapunja wanafunzi waliotaka kurudishiwa fedha zao. Mwezi Juni serikali ikaizuia kwa miezi 6 kuingia mikataba mipya ya muda mrefu. Fedha za mbele zikakatika. Tarehe 26 Oktoba kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, na madarasa yakafungwa.

Kukosa mshahara kunaumiza popote, lakini walimu wa Nova walikuta balaa la pili ndani ya lile la kwanza. Wengi waliishi katika nyumba walizopangishiwa na kampuni, na kodi ilikatwa kwenye mshahara kila mwezi kabla hawajauona. Kampuni ilipoishiwa, iliendelea kukata kodi hiyo bila kuifikisha kwa wenye nyumba. Mwalimu aliyekuwa amekatwa kodi yake yote, na hati ya mshahara ikionyesha hivyo, alibishiwa hodi akaambiwa ahame. Chama cha wafanyakazi kikaandaa mpango wa walimu kufundisha kwa malipo ya chakula. Mwaka 2009 mwanzilishi wa kampuni, Nozomu Sahashi, alitiwa hatiani kwa kuchota fedha za mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wake mwenyewe.

Naanza na Japani kwa makusudi. Ni nchi yenye mahakama zinazofanya kazi, na ina utaratibu wa serikali kumlipa mfanyakazi asilimia 80 ya mshahara aliodhulumiwa pale kampuni inapofilisika. Walimu wale wengi walikuwa Waingereza, Wamarekani, Wakanada na Waaustralia, watu ambao balozi zao zina nguvu. Hata hivyo walikwama, kwa sababu kazi, mshahara na paa la kulalia vilikuwa katika mkono mmoja, na mkono ule ulipofumbuka vyote vikaanguka siku moja.

Sasa mfikirie mwalimu wa hisabati kutoka Kakamega au Morogoro aliyepata kazi katika shule binafsi ya Riyadh, Doha, Sharjah au Muscat. Mwajiri wake anashika mshahara. Anashika pia ukaazi, kwa kuwa chini ya mfumo wa kafala mgeni huwepo nchini kwa jina la kafili, yaani mdhamini wake. Mara nyingi anashika nyumba, bima ya matibabu na tiketi ya kurudi. Asipoangalia, anashika na pasipoti. Mwajiri mwema akishika vyote hivi, mwalimu huenda akamaliza miaka 10 bila kuhisi uzito wake. Mwajiri mdhulumati akivishika, kuchelewesha mshahara kunageuka kuwa kumfunga mtu. Na hao wawili huwezi kuwatofautisha kwa sura, wala kwa ukubwa wa jengo la shule, wala kwa upole wa sauti siku ya usaili. Unachoweza kufanya ni kupunguza vitu vilivyo mkononi mwake, kimoja kimoja, kabla hujahitaji kufanya hivyo.

Deni la safari

Chombo cha kwanza cha mwajiri mbaya huwa mwalimu amekibeba mwenyewe kutoka nyumbani, nacho ni deni. Aliyeuza kiwanja, au aliyekopa kwenye chama ili amlipe wakala, hawezi kuacha kazi mwezi wa pili hata akiona wazi kwamba ameingia pabaya. Nyumbani wanasubiri marejesho. Mwajiri anajua, na wakala anajua.

Kwa hiyo swali la nani analipia safari lina uzito kuliko swali la kiasi cha mshahara. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu sheria ya kazi inayotumika tangu Februari 2022, Amri ya Shirikisho namba 33 ya mwaka 2021, inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, iwe waziwazi au kwa njia ya kuzunguka. Wakala anayekudai fedha za viza ya kazi ya Dubai amekuonyesha mojawapo ya mambo mawili: shule haifuati sheria, au shule imelipa na yeye anakula pande zote mbili. Kenya mawakala hupewa kibali na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tanzania Bara anza kwa kuuliza Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Nenda kauliza jina la kampuni kabla hujatoa hata nauli ya kwenda kufanyiwa usaili. Wakala asiye na leseni akitoweka, hutakuwa na wa kumpelekea malalamiko yako.

Halafu kuna maneno haya, ambayo yamewapoteza wengi: njoo kwa viza ya matembezi, tutaibadilisha ukifika. Kufundisha kwa viza ya matembezi ni kosa katika nchi zote za Ghuba, na mwenye kosa kwenye makaratasi huwa ni wewe. Mshahara wako hautaingia katika mfumo wowote wa serikali, kwa kuwa serikali haikujui kama mfanyakazi. Siku utakapodhulumiwa, kwenda kushtaki kutakuwa ni kujishtaki. Jibu la ahadi hiyo ni moja: nitumieni kibali cha kazi kwanza.

Falme za Kiarabu zina utaratibu mzuri hapa. Tangu mwaka 2016 mwajiri anatakiwa kumpa mgeni barua ya ajira ya mfumo wa wizara ya kazi, aisaini akiwa bado kwao, na mkataba utakaosajiliwa baadaye haupaswi kumpunguzia kilichoandikwa humo. Utaratibu huo uliwekwa kwa sababu ya desturi mbaya ya zamani: mtu anasaini dirham 6,000 Mombasa, anafika anawekewa mezani mkataba wa 3,500, na ndege ya kurudi hana. Hifadhi barua ya kwanza. Itume kwenye barua pepe yako mwenyewe na ya mtu wa nyumbani unayemwamini, kwa sababu simu huibwa na karatasi huchukuliwa. Na mkataba ukiwa na safu mbili, Kiarabu na Kiingereza, fahamu kwamba zikipingana Kiarabu ndicho kinachoshika. Mpe mtu anayekijua akusomee safu ile. Kwetu Afrika Mashariki watu hao hawakosekani msikitini, madrasa wala vyuoni, na kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Tarakimu inayofichwa

Walimu wengi husoma mstari mmoja tu wa mkataba, jumla ya mshahara. Mstari unaoamua hali yao ya baadaye ni mwingine, mshahara wa msingi.

Mgeni katika nchi za Ghuba hana pensheni ya serikali. Pensheni ni ya wenyeji. Badala yake hupata kiinua mgongo anapomaliza kazi. Katika Falme za Kiarabu, aliyemaliza angalau mwaka mmoja hupata mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka wa miaka 5 ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Marupurupu ya nyumba, usafiri na simu hayahesabiwi. Shule mbili zinaweza kukuahidi dirham 7,000 kwa mwezi. Ya kwanza inaandika 5,000 ya msingi na 2,000 ya marupurupu. Ya pili inaandika 2,500 na 4,500. Kila mwezi utapokea kiasi kilekile. Baada ya miaka 4, ya kwanza itatakiwa kukulipa dirham 14,000, na ya pili 7,000. Mshahara wa mwezi mzima umepotea bila mtu kuvunja sheria yoyote. Malipo ya siku za likizo ulizobakiza wakati wa kuondoka nayo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi.

Omani, kwa sheria ya kazi ya mwaka 2023, kiinua mgongo kisipungue mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Saudia ni nusu mwezi kwa kila mwaka wa miaka 5 ya kwanza, kisha mwezi mzima. Lakini Saudia ina mtego wa kujiuzulu. Anayeacha kazi mwenyewe kabla ya miaka 2 hapati kitu, kati ya miaka 2 na 5 hupata theluthi moja, kati ya 5 na 10 theluthi mbili, na kuanzia 10 hupata chote. Ndiyo maana mwajiri mbaya wa huko hakufukuzi. Anakukera mpaka uandike barua ya kuacha mwenyewe, na barua hiyo inaweza kumwokolea fedha nyingi. Mwalimu anayeambiwa na mkuu wake "wewe andika tu barua ya kujiuzulu, mengine tutayamaliza kiungwana" asiandike kitu siku hiyo. Aende nyumbani, apige hesabu, aulize.

Mstari mwingine wa kuangalia ni idadi ya miezi. Mwaka wa shule una likizo ndefu ya Julai na Agosti. Zipo shule zinazowaachisha walimu mwezi Juni na kuajiri wengine mwishoni mwa Agosti ili zisilipe miezi miwili ya joto. Mkataba useme wazi kwamba mshahara ni wa miezi 12, na tarehe ya mwisho iandikwe kwa siku, mwezi na mwaka.

Fedha ikipita benki

Falme za Kiarabu zilianzisha mfumo wa kulinda mishahara mwaka 2009, Saudia ikafuata mwaka 2013 na Qatar mwaka 2015. Kiini chake ni chepesi. Mwajiri halipi kwa bahasha. Anapitisha mshahara benki au katika kampuni ya fedha iliyoidhinishwa, na wizara ya kazi inaona nani amelipwa, kiasi gani, na lini. Shule isiyolipa hufungiwa vibali vipya. Mfumo huu umewaokoa watu wengi sana, na mwalimu anayekubali kulipwa taslimu mkononi ameuacha mwenyewe, hata kama mhasibu ni mcha Mungu na bahasha haijawahi kupungua.

Wadhulumati nao wamejifunza kuuzunguka. Mshahara unaingia benki wote, wizara inaona umeingia, halafu mhasibu anakuita ofisini: rudisha 1,500 taslimu, ni gharama ya viza, au ya nyumba, au ya kitu kisicho na jina. Kwenye kumbukumbu za serikali wewe umelipwa kamili, na hakuna karatasi inayosema vinginevyo. Usirudishe fedha taslimu kamwe. Sema kwa adabu kwamba uko tayari kulipa chochote unachodaiwa kihalali, kwa njia ya benki, ukipewa barua yenye muhuri inayotaja deni. Mara nyingi barua hiyo haiji na deni linasahauliwa. Ikija, umepata ushahidi. Na kadi ya benki haikai ofisini "kwa usalama", wala namba ya siri haijulikani na mtu mwingine, hata awe mwenyeji wako aliyekupokea uwanja wa ndege.

Baada ya mshahara kuingia, usiuache ukalundikana. Acha cha matumizi ya mwezi, kingine kitume kwenye akaunti ya nyumbani iliyo kwa jina lako. Nasema kwa jina lako. Kaka mwema na mama mpendwa watumiwe cha kwao, lakini akiba ya kujiokoa isipite mikononi mwa watu wenye shida za kila siku, kwa sababu siku ukiihitaji itakuwa imeshakuwa mabati. Lengo la kwanza la akiba hiyo liwe tiketi ya kurudi na chakula cha miezi mitatu. Kabla haijafika hapo, usinunue kitu kingine. Mwalimu mwenye tiketi yake mwenyewe huongea na mwajiri kwa sauti nyingine.

Na mikopo. Benki za Ghuba huwafuata walimu wapya kwa simu, zikiwapa mkopo wa mara kadhaa ya mshahara na kadi za kununulia. Fedha inakuja haraka, na kijijini ukuta unapanda. Lakini mkopo umefungwa kwenye kazi ileile. Kazi ikikatika, benki hupata habari, na kiinua mgongo kikiingia kwenye akaunti kinaweza kushikiliwa palepale hadi deni liishe. Katika Falme za Kiarabu mdai wa dirham 10,000 au zaidi anaweza kuomba mahakama ikuzuie kusafiri. Mtu aliyekwenda kufundisha miaka miwili akajikuta hawezi kutoka, na hana kazi ya kulipia deni, hajadhulumiwa na shule peke yake. Ningemwomba kila mwalimu anayekwenda huko asichukue mkopo wowote mwaka wa kwanza, hata kama shamba analotaka kununua litauzwa kwa mwingine. Mashamba mengine yatakuja.

Nyumba, pasipoti na udugu

Ukipewa kuchagua kati ya nyumba ya shule na posho ya nyumba, funzo la Nova linasema chukua posho. Naafiki, ila kwa mpangilio. Dubai kodi ya mwaka mara nyingi hulipwa kwa hundi chache zilizoandikwa tarehe za mbele, na kipindi cha majaribio kazini kinaweza kufika miezi 6, ambamo mwajiri anaweza kukuachisha kwa taarifa ya siku 14. Ukisaini kodi ya mwaka wiki ya pili baada ya kufika, umejitwisha mzigo wa miezi 12 juu ya kazi isiyo na uhakika wa mwezi mmoja. Tangu mwaka 2022 hundi isiyo na fedha kwa kawaida haikupeleki jela tena, lakini mwenye nyumba anaweza kwenda nayo moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama. Kaa kwanza katika chumba cha kulipia mwezi kwa mwezi, hata kama ni cha kushirikiana. Nyumba yenye jina lako itafutwe majaribio yakiisha.

Pasipoti haina mjadala. Sheria ya Falme za Kiarabu inakataza mwajiri kuzuia nyaraka rasmi za mfanyakazi, na majirani zake wana makatazo ya aina hiyo. Shule huihitaji kwa siku chache za kushughulikia ukaazi. Ipe, uandikiwe kwamba wameipokea na tarehe ya kuirudisha, kisha uifuate tarehe hiyo. Vyeti halisi vya chuo ni vivyo hivyo. Kwa mwalimu, shahada iliyokwisha kugongwa mihuri ya wizara na ubalozi ina thamani kubwa, kwa kuwa bila hiyo shule nyingine haiwezi kumchukua. Mwajiri anayeking'ang'ania cheti chako anajua anachokifanya.

Omani kuna jambo la ziada kwetu sisi tunaosema Kiswahili. Waomani wenye asili ya Unguja na Pemba ni wengi, hasa waliorudi baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Unaweza kufanyiwa usaili Muscat kwa Kiswahili safi, ukaulizwa habari za mitaa ya Mkunazini na Malindi, ukaletewa kahawa na halua. Ni neema kubwa ugenini, na wapo waliosaidiwa na watu hao kuliko walivyosaidiwa na ndugu wa damu. Lakini neema hiyo huwafanya walimu wengi waone haya kuomba mkataba. Mwalimu anaona akitaka maandishi atakuwa amemvunjia heshima mzee aliyempokea kama mwanawe. Mwambie, "Shikamoo mzee, nakushukuru kwa yote, na naomba tuyaandike ili hata sisi tusipokuwepo wenzetu wajue tulikubaliana nini." Dini yenyewe inaagiza kuandikiana madeni mbele ya mashahidi, na mzee mwema anaijua aya hiyo kuliko wewe.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mwalimu wa ugenini ni pana kuliko hesabu za fedha. Weka hati zote za mshahara, taarifa za benki za kila mwezi, ratiba ya vipindi, picha ya kadi ya ukaazi pande zote mbili, na barua zote, pamoja na zile za kusifiwa. Barua ya kusifiwa mwezi Machi ina kazi kubwa pale shule inapodai mwezi Juni kwamba ulikuwa mwalimu hafifu.

Maneno ya mdomo yageuzwe maandishi siku ileile. Mkuu akikuambia koridoni kwamba vipindi vya ziada vitalipwa dirham 100 kila kimoja, jioni mwandikie ujumbe mfupi wa heshima: nashukuru kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba tumekubaliana hivi na hivi, nisahihishe kama nimekosea. Akikaa kimya, ujumbe umebaki. Akijibu, ni bora zaidi. Usitumie barua pepe ya shule peke yake, kwa sababu siku ukiachishwa huifungui tena.

Mshahara ukichelewa

"Mwalimu, tuvumiliane mwezi huu." Maneno haya yana ukweli mara nyingine. Ada huchelewa na wazazi huhama. Uvumilivu ni tabia njema, ila uwe na tarehe. Falme za Kiarabu mshahara uliopita siku 15 baada ya kufika muda wake umechelewa kisheria, Qatar ni siku 7. Chelewesho la kwanza, andika ujumbe wa kuuliza tarehe. La pili, acha kutuma fedha za maendeleo nyumbani, anza kutafuta shule nyingine kimyakimya, na uzungumze na walimu wenzako mjue kama ni la mmoja au la wote. Watu hufanya makosa ya kuona aibu hapa. Kila mwalimu huficha kwamba hajalipwa akidhani wenzake wamelipwa, na shule inaishi kwa aibu hiyo kwa miezi.

Likifika la tatu, lalamika bila kungoja tena. Lalamiko katika wizara ya kazi ya Falme za Kiarabu hupokelewa kwa simu au programu ya wizara, na tangu Januari 2024 wizara yenyewe inaweza kuamua madai yasiyozidi dirham 50,000 bila kuyapeleka kwanza mahakamani. Madai ya kazi yasiyozidi 100,000 hayatozwi ada ya mahakama. Kumfukuza mtu kwa sababu ameshtaki kwa haki ni kosa, na fidia yake inaweza kufika mishahara ya miezi mitatu. Saudia, tangu mageuzi ya Machi 2021, asiyelipwa kwa miezi mitatu mfululizo anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ruhusa ya wa kwanza.

Mambo mawili yasifanywe, hata hasira ikipanda. La kwanza ni kuacha kwenda kazini bila kushtaki. Mwajiri ataripoti kwamba umetoroka, na kuanzia hapo wewe ndiye mkosaji. Endelea kuingia darasani, au pata maelekezo ya wizara kwa maandishi kabla hujasimama. La pili ni kuitangaza shule mtandaoni. Sheria ya makosa ya mtandao ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inaadhibu matusi na kashfa za mtandaoni kwa kifungo na faini ya kati ya dirham 250,000 na 500,000, au adhabu moja kati ya hizo. Mwalimu anayedai 9,000 akiandika kwa uchungu usiku mmoja anaweza kugeuka mdaiwa wa zaidi ya mara 27 ya anachodai. Wape wenzako habari kwa mdomo, na lalamiko lipeleke panapohusika. Balozi za Kenya na Tanzania zipo Abu Dhabi, Riyadh, Doha na Muscat. Haziwezi kukulipa, lakini zinaweza kuandika na kufuatilia kwa niaba yako, na hufanya hivyo vizuri zaidi kwa mtu aliyejisajili kwao alipofika kuliko kwa jina wanalolisikia mara ya kwanza akiwa matatani.

Siku ya kusaini

Dhuluma nyingi hufanyika wiki ya mwisho, mizigo ikiwa imefungwa na zawadi za watoto zimenunuliwa. Ili ukaazi ufutwe, mwajiri hukuletea karatasi ya kusaini inayosema umepokea stahiki zako zote. Wanasema fedha zitaingia kesho. Ndege ni kesho kutwa. Unasaini, na fedha haziingii.

Usisaini kabla fedha hazijaonekana kwenye akaunti yako. Sheria ya Falme za Kiarabu inamtaka mwajiri alipe stahiki zote ndani ya siku 14 tangu mkataba kuisha, kwa hiyo panga safari baada ya siku hizo, hata kama tiketi itapanda bei kidogo na hata kama nyumbani harusi imeshapangwa. Andaa hesabu yako mwenyewe wiki mbili kabla: mshahara wa mwezi wa mwisho, siku za likizo zilizobaki, kiinua mgongo, tiketi kama imo katika mkataba. Mpelekee mhasibu kwa maandishi, muafikiane tarakimu moja kabla hamjafika kwenye saini. Wakilazimisha usaini kwanza, andika juu ya saini yako, kwa Kiarabu au Kiingereza, kwamba malipo bado hayajapokelewa, na uipige picha karatasi hiyo. Wakikataa maandishi hayo, siku hiyohiyo nenda wizarani.

Ikibidi uondoke kabla jambo halijaisha, madai hayafi kwa kupanda ndege. Katika Falme za Kiarabu, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2024, una miaka 2 tangu kazi ilipokwisha ya kufikisha madai yako. Kabla ya kuondoka, mwachie wakili au mwenzako unayemwamini hati ya kumpa mamlaka ya kukuwakilisha, iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji wa huko, maana kuitengeneza ukiwa Nairobi au Dodoma kutakugharimu mihuri mingi na wiki nyingi. Acha namba ya simu itakayopatikana muda wote huo, na akaunti ya benki ya nyumbani iliyo hai ya kupokelea fedha. Namba ya lalamiko, nakala ya mkataba na taarifa za benki zisafiri katika mkoba wa mkononi.